Usirudi Nyuma Kati ya Sosani

Fazi, mke wa mwokaji, ndiye aliyeniambia tukiwa kwenye foleni ya mkate: "Dada, ua la sosani la kaburini likikugeukia, usilipige picha. Linakuwa limeshakuchagua." Nilicheka, lakini maneno yale yalinikwama kama mwiba wa samaki kooni. Hata chai yetu ya chumvi haikuyateremsha.

Mwanangu Tasleema alikuwa hapumziki theluji ikishayeyuka. Alipiga picha za milozi, za haradali shambani, hata za mawaridi ya jirani. Mwaka ule alitaka sosani, na huku kwetu Kashmir kila mtu anajua zinakojaa. Wazee walizipanda juu ya wafu ili mizizi ishike udongo usichukuliwe na maji.

Nilimfuata mpaka makaburi ya mlimani, nikiwa na birika.

"Mama, umekuja kunilinda au kuninywesha chai?"

"Vyote viwili. Hayo maua yamekugeukia."

"Yamegeukia jua, mama."

"Jua si lile pale, nyuma ya maua?"

Alilitazama. Kisha akacheka. "Basi yamenipenda. Si wewe unayelia kila siku kwamba sina mchumba?"

Akainua simu. Alitaka kaburi zima liingie kwenye picha, lile la zamani lisilo na jina, akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua. Nyuma yake kulikuwa na kaburi jingine, sosani zimesimama nzuri kama zimepandwa jana. Kumbe chini yake hakuna kitu. Maji ya theluji yalikwisha kula udongo wote, imebaki mizizi iliyoshikana kama jamvi. Nilipofungua mdomo nimwite, jamvi likapasuka.

Alizama hadi kwapani. Nilitupa birika, nikalala kifudifudi, nikamshika mikono yote miwili, nikavuta.

"Mama, niachie mguu!"

"Nimekushika mikono, mwanangu."

"Niachie mguu, mama, unaniumiza!"

Nikavuta huku nasoma dua, sijui hata niliianzia wapi. Akatoka na kifundo kimevunjika, kiatu kikabaki huko.

Simu niliiokota mimi kwenye nyasi, hatua tatu kutoka kwenye shimo. Haikuwa na chembe ya udongo. Tulipofika nyumbani Tasleema aliifungua, akaniita kwa sauti ndogo.

"Mama, hii picha nani kaipiga?"

Ilikuwa mizizi myeupe inayoning'inia, na duara la mbingu. Katikati ya duara nilikuwepo mimi, nimeinama, mdomo wazi, navuta.

Mwaka umepita. Mguu umepona, ingawa anachechemea. Sosani zimefunguka tena, na jana ameniuliza nilikoificha simu. Anasema kuna picha moja bado hajaimaliza. Nimefunga mlango wa uani, lakini mama hawezi kufunga milango yote, ndiyo maana naandika. Nawe unayesoma haya una binti.

Usipande kwenda makaburini kabla udongo haujakauka.
Usikanyage penye sosani nyingi.
Usirudi nyuma huku macho yako kwenye simu.
Usiende peke yako.
Ua likikugeukia, usilipige picha.
Ukishikwa mguu, usitazame chini.
Usitunze simuni picha ambayo hukuipiga wewe. Mimi niliitunza.