Kilaptopu Kisichotaka Windows

Mwaka ule vilaptopu vidogo vilipoanza kuingia kwa wingi kutoka Dubai, Allen alileta boksi zima dukani kwao, katikati ya Arusha. Mkewe, Pudensiana, alivipenda kwa wepesi wake. Furaha haikudumu. Fundi wao, Ndesanjo, alihangaika na kimoja tangu asubuhi, kisha akaweka bisibisi chini.

"Mama, prosesa yake ni ya jamii ya zile za simu. Windows haitaingia hata ukiibembeleza."

"Sasa itakuwaje?"

"Nitaweka Linux nyepesi badala yake. Itaandika, itahifadhi picha. Programu za Windows ndiyo basi tena."

Allen alimvuta mkewe pembeni. "Mama Irine, tuuze hivyo hivyo, bila kusema. Mtu akishafika kwake atazoea."

Moyo wa Pudensiana ulikataa. Wateja wale alisali nao.

Mteja wa kwanza alikuwa Saning'o, kijana anayeongoza watalii wanaotazama ndege kwenye maziwa ya Momela. Aliamkia, akakinyanyua kilaptopu kwa mkono mmoja.

"Kabla hujakipenda, mwanangu," Pudensiana alisema, huku Allen akimkazia macho, "hiki hakikubali Windows. CD za programu ulizo nazo hazitafanya kazi."

Saning'o alikuna kidevu. "Kinaandika?"

"Kinaandika."

"Chaji je?"

"Hakina njaa ya umeme," Ndesanjo alidakia. "Na hakichemki."

"Basi nipe. Laptopu langu la zamani hupata moto kama pasi. Nikifika ziwa la pili limeshazima, na kwetu umeme ni wa sola."

Alipoondoka, Allen alimwambia mkewe tu kwamba amebahatika.

Wiki chache baadaye Saning'o alipiga simu. Pudensiana alipoona jina lake, aliuliza kabla hata ya salamu.

"Kimeharibika?"

"Hapana, mama. Nosim, mke wangu, amekichukua. Anaandikia nyimbo za kwaya, kila nikikiomba ananiambia ubeti haujaisha. Nimerudia daftari. Niwekee kingine."

Pudensiana alicheka hadi Allen akatoka nyuma ya kaunta kuuliza kulikoni. Alipoelezwa, alishusha kimoja rafuni, akakifuta vumbi polepole.

"Ila huyo mama wa kwaya," alisema, "aliambiwa habari ya Windows?"

"Muulize mumewe, bado yuko kwenye simu," Pudensiana akamkabidhi simu.