Mashine ya Mama Loisi

Mume wangu si mtu mbaya, nianze na hilo, maana mbele ya safari mtadhani namchukia. Mbonile ni mwepesi tu wa kusifiwa. Mgeni akimwita mzee mbele za watu, basi, kazi imekwisha.

Kampuni ya wazungu ilifika kijijini kwetu Itaka mara tu wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa. Wakajenga kituo kando ya mto, wakatangaza kwamba watanunua kahawa mbivu siku hiyohiyo inapochumwa. Kumenya, kuosha na kuanika watafanya wenyewe kwa mitambo yao.

Sisi tulikuwa tunamenya nyumbani. Mama mkwe wangu, Loisi, aliniachia mimi mashine yake ya mkono, si mwanawe, na alilisema hilo mbele ya ukoo mzima. Mpini wa chuma ulishavunjika zamani, akachongesha wa mti. Jioni za msimu majirani walikuja na ndoo zao, tunazungusha kwa zamu huku tukiteta na kucheka. Kahawa ikikauka tunaiweka chini ya kitanda. Mnunuzi akija na bei ya kijinga tunampa kiti, tunampa maji ya kunywa, na anaondoka mikono mitupu. Kahawa kavu haina haraka. Mbivu ndiyo yenye haraka. Ilaze usiku mmoja kwenye gunia, asubuhi inanuka pombe.

Msimu wa kwanza walilipa vizuri, siwezi kuwasingizia. Itaka nzima tulikula nyama. Kisha wakaitisha mkutano, na Rabson, kijana wa hapahapa waliyemwajiri, akatafsiri maneno ya bosi wao. Eti wanywaji wa Ulaya wanataka kahawa ya ladha moja, na mashine zetu zenye kutu zinaiharibu. Atakayesalimisha yake atapewa mabati.

Mimi nilikuwa Itumba, namuuguza dada yangu. Niliporudi nilikuta nyumba inang'aa, na ukumbini pale mashine iliposimama pamebaki alama za miguu yake. Mbonile ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka, wakampigia makofi. Nikamuuliza mashine ile ilikuwa ya nani.

"Mama Ikupa," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "yule alikuwa mama yangu."

Sikumpikia siku hiyo.

Msimu wa pili bei ikashuka hadi nusu. Rabson akasema ni soko la dunia, na kwamba mzungu amesikitika sana. Alisikitika huku ananunua. Waliokataa walirudi na magunia yao nyumbani, na kesho yake wakayarudisha yakinuka, wakalipwa kidogo zaidi. Wangefanya nini? Hakuna aliyebaki na mashine. Niliapa kwamba kahawa yangu siwapi kwa bei ile. Sikutaka utajiri, jamani. Nilitaka niweze kumwambia mtu hapana na kahawa yangu ibaki kahawa.

Nikamtuma Mbonile Tunduma kwa Ashraf, mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu lori la mashine zetu lilishusha mzigo kwake. Ashraf alimpa chai, akamwambia kweli: zote zilikatwakatwa zikavushwa Zambia. Ila moja haikufika kwake, yenye mpini wa mti. Alisikia mzungu aliipenda, akaibakiza ofisini kwao Vwawa.

Nilifurahi mpaka nikamchinjia Mbonile jogoo. Tukawaambia majirani, na alfajiri tukaingia shambani wote, sisi kwetu na wao kwao, tukachuma kila iliyoiva, kwa kuwa jioni tungekuwa na mashine. Saa nne nikapanda gari la Vwawa, na mabati nimeyaacha Mbonile anayabandua.

Niliiona kabla sijabisha hodi. Wameipaka rangi ya buluu, wameisimamisha mlangoni juu ya msingi wa saruji, na pale tunapomiminia kahawa wamejaza udongo wakapanda maua. Rabson akatoka, akaniamkia kwa adabu. Nikamwambia nimekuja kuomba mashine yangu, na mabati yao wanayapata leo hii. Akaingia ndani, akarudi na mzungu, wakaongea. Mzungu akacheka, tena kicheko cha upole, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Rabson alikuwa anatazama chini. "Anaomba usimame hapo ushike mpini, mama. Picha itakwenda kwenye pakiti za kahawa."

Nikaushika. Ulikuwa uleule, umelainika kwa viganja vya mama mkwe wangu na vyangu. Nikauzungusha kwa nguvu zangu zote na haukusogea. Nikajaribu tena. Kamera inalia, mimi navuta.

"Ndani wamejaza zege," Rabson akasema. "Ilikuwa inatikisika wageni wakiigusa."

Nilirudi Itaka jua linazama. Uani kwangu majirani walikuwa wamekaa wakinisubiri, magunia yameegemezwa ukutani, ndoo zimeoshwa na kupangwa. Nusu ya paa haina bati. Mbonile alikuwa amefagia pale ukumbini na kumwagia maji vumbi litulie.

Nikawaambia wabebe haraka. Kituo cha kampuni kilikuwa karibu kufungwa.