Ukurasa wa Nyuki

Siku ile mwanangu alisoma vizuri, hata mimi niliyekuwa nimebana sikio kwenye upenyo wa mlango nikafanya ishara ya msalaba. Sauti yake ilitiririka. "Mlinzi wa mnara wa taa alipanda ngazi kila jioni, na bahari ilimwita kwa jina lake." Akafika kwenye nukta kama mtu aliyefika kwao, akapumua, akaendelea. Hakukwama popote, hakurudia neno. Angekuwa mtangazaji wa redio, ningeongeza sauti.

Tatizo lilikuwa moja tu. Karatasi waliyompa asome ilihusu nyuki.

Naandika haya kwa ajili ya akina mama wenzangu, hasa wale wanaowapenda watoto wao mpaka wanawaziba pumzi. Mimi niliishia shule ya msingi, kisha nikaolewa na kondoo. Yaani niliolewa na Argiris, ila kondoo ndio waliokuwa wengi. Kwa hiyo msitarajie maneno mazito. Tarajieni onyo.

Lemonia, huyo mwanangu, alitaka kuwa daktari wa mifugo tangu alipokuwa mdogo. Usiku mmoja wa theluji kondoo wetu mmoja alishindwa kuzaa, na mkono wa Argiris ni mnene kama gogo, haukuingia. Mtoto akakunja mkono wa sweta, akafumba macho, akamgeuza mwanakondoo tumboni humo kama anayetafuta soksi kwenye kikapu. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja: "Mimi nitakuwa daktari." Ukimwambia kitu mara moja anacho maisha yote. Anajua kila kondoo, mama yake, bibi yake, na ugonjwa uliomuua bibi yake.

Lakini mweke mbele ya ukurasa.

"Zinatembea, mama," alikuwa akiniambia kuhusu herufi. "Kama kondoo wasio na mbwa. Nikizikusanya za upande huu, za upande ule zimeshavuka mto."

Na chuo cha udaktari wa mifugo kinataka alama za juu, mtihani wa taifa, saa nyingi za kuandika. Mwalimu wake wa lugha, Bi Urania, akaniita Septemba, Lemonia akianza mwaka wake wa mwisho wa shule.

"Mama Lemonia," akasema, "mtoto huyu akiongea ni wakili. Akiandika, ni kuku aliyekanyaga wino. Mpelekeni akapimwe. Akipata cheti, mtihani wa Juni atajibu kwa mdomo."

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu: akapimwe. Kijijini kwetu kinachopimwa ni maziwa, na presha ya mtu anayekaribia kufa.

Nilirudi nyumbani nikasimulia. Mama mkwe wangu hakupoteza muda. Akajaza maji kwenye bakuli, akadondosha mafuta ya zeituni, matone yakatawanyika, naye akaanza kupiga miayo mpaka taya ikalia.

"Jicho la husuda!" akasema. "Tena la mtu wa macho ya buluu!"

"Mama, mwalimu anasema ni kusoma."

"Kusoma? Ukoo wetu hauna mtu asiyejua kusoma. Marehemu baba mkwe wako alikuwa msomaji mkubwa. Ila miwani."

Ni kweli. Wanaume wote wa ukoo ule ni wasomaji wakubwa, ila miwani. Ukiwapa gazeti wanapapasa mfuko wa shati: "Lo, nimesahau miwani." Baba mkwe aliisahau mpaka akazikwa. Argiris nimekaa naye miaka ishirini, na miwani hiyo sijawahi kuiona.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Hapa kwetu mtoto haendi popote bila tuisheni. Hesabu tuisheni, Kiingereza tuisheni, na nimesikia jijini Thesaloniki kuna tuisheni ya kumwandaa mtoto aingie tuisheni. Mimi nikajiuliza: kupimwa ni nini kama si mtihani? Na mtihani ni nini bila Pandelis?

Pandelis ndiye mwenye tuisheni mjini Grevena. Ana tai moja na sauti ya mnadani. Kila mwaka anatabiri maswali. Yakitoka anajisifu mwaka mzima, yasipotoka anailaumu serikali. Nikamwendea na jibini duara zima kwapani.

"Mama, hawa wa ofisi ya upimaji nawajua," akasema huku akiinusa jibini. "Wavivu. Ukurasa wao ni uleule kila mwaka. Mnara wa taa. Shika nakala. Lazima utoke!"

Nikaishika ile nakala kama mkate wa kanisani.

Lemonia alipoiona alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Mama, huu si mtihani. Wanataka kuona ninavyokwama."

"Basi hawatakuona ukikwama!"

"Nisipokwama hawanipi cheti."

"Mwanangu," nikamwambia, na nilijiona mwerevu kuliko askofu, "hakuna ofisi duniani inayotoa cheti kwa kushindwa."

Akanitazama muda mrefu, kama anavyomtazama kondoo kabla hajajua maumivu yako wapi. Kisha akavuta kigoda. "Haya. Nisomee."

Ulikuwa msimu wa kupasua jozi, zile kokwa zenye ganda gumu. Mimi nasoma kwa kidole, polepole, kama nilivyofundishwa. Yeye anapasua na kusikiliza. Mara ya pili tu akawa na ukurasa wote kichwani, nukta na mkato. Lakini mimi sikuacha. Nilisoma asubuhi, nilisoma tukikamua, nilisoma mpaka nyumba nzima ikaushika. Nilimsikia Argiris zizini akimkemea beberu: "Toka hapo! Bahari inakuita kwa jina lako!" Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mnara wa taa. Sisi ni watu wa milimani. Bahari tunaiona kwenye makopo ya dagaa.

Baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, kondoo walipokwisha kushushwa kutoka malishoni, tukaitwa kwenye ofisi ya upimaji. Nilioka pai ya mboga na jibini, sinia zima, kwa sababu mtu haendi ofisini mikono mitupu. Argiris akaendesha pikapu, mimi nikakumbatia sinia, Lemonia katikati amenyamaza.

Walikuwa watatu: Bi Kalomira, mwanasaikolojia, mwanamke mdogo wa umbo mwenye macho yasiyopepesa; mwalimu mmoja mwenye masharubu; na dada wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Wakaanza na sisi wazazi.

"Katika familia," Bi Kalomira akauliza, "kuna mwingine mwenye shida ya kusoma?"

"Hakuna," nikajibu.

"Sawa. Baba, tafadhali soma hapa, kisha weka sahihi."

Argiris akapapasa mfuko wa shati. "Lo," akasema. "Nimesahau miwani."

Bi Kalomira akamwangalia. Akamwangalia Lemonia. Akamnong'oneza dada wa ustawi, naye akaandika kitu kirefu.

Wakatutoa nje. Argiris akaenda kumbembeleza mbwa kwenye pikapu. Mimi nikabaki na sinia, na mlango ambao haukufungika vizuri. Mengine mmeshayajua.

Mwalimu wa masharubu alimwambia, "Binti, hebu soma tena." Akasoma tena, mnara, ngazi, bahari, bila kosa. Yule bwana akaichukua karatasi, akaigeuza, nadhani akitafuta kama mnara uko nyuma. Kisha mlango ukafunguliwa ghafla, nami niliyekuwa nimeuegemea nikaingia na sinia langu mpaka katikati ya chumba, midomo yangu bado inamalizia: "...kwa jina lake."

"Bibi," akasema Bi Kalomira, "nani amemfundisha?"

"Hakuna," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo mkononi.

Yule wa masharubu akafunga faili. "Hili si la mchezo. Wanafunzi wanakuja hapa wamefundishwa ili wakwepe kuandika. Aliyefundishwa tunamrudisha. Ataomba tena baada ya mwaka mzima."

"Mitihani ni Juni!" nikapiga kelele.

"Ndiyo, mama. Ni Juni."

Pale ndipo nilipoona nilichofanya. Niliona mkono mwembamba wa Lemonia wenye vidole vitano bora kijijini kwetu ukikunja mashuka ya hoteli maisha yote.

Aliyezungumza ni Lemonia.

"Mama yangu hakunifundisha nikosee," akasema. "Alinifundisha nipatie."

Kisha Bi Kalomira akaketi taratibu.

"Rudia."

"Aliogopa nitafeli. Akaenda kwa Pandelis akapewa ukurasa. Ameusoma msimu mzima. Baba anaujua. Kondoo wanaujua."

Bi Kalomira akajifunika uso kwa mkono mmoja. Nilidhani analia. "Wanaofundishwa kukosea wanakuja kila wiki," akasema. "Wengine wanakosea vizuri ajabu. Lakini aliyefundishwa kupatia, mimi sijapata kumwona." Nikatazama masharubu ya mwenzake, yalikuwa yanatetemeka, na haikuwa hasira.

"Mpe nyuki," akasema yule bwana. "Asome nyuki kweli."

"Na wewe, mama, kaa hapa mbele yangu. Nisikukute tena mlangoni," akasema Bi Kalomira.

Nikakaa. Lemonia akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Nyu... nyuki," akasema. "Nyuki m... mfa..."

"Mfanyakazi!" nikasema.

"Mama!"

"Samahani. Imenitoka."

"Nyuki mfanya... kazi hu... huto..."

"Hutoka mzi—"

"Bibi!" Bi Kalomira akanyoosha kidole. "Kwenye sinia kuna nini?"

"Pai."

"Ya nani?"

"Yenu."

"Kata kipande. Kikubwa. Kitie mdomoni."

Basi nikatia. Na hivyo ndivyo nilivyomsikia mwanangu akisoma kwa mara ya kwanza, mdomo umejaa pai yangu mwenyewe, jibini inashuka kidevuni, makombo yanadondoka kifuani kama theluji. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe yanayoteleza. Akalipima neno, akalikanyaga, likamtupa, akarudi ukingoni. Mstari mmoja aliusoma mara mbili bila kujua. Shingo ilimtoka jasho. Kila neno lilipokwama, ulimi wangu uliruka, ukakuta pai.

Nikahesabu nyuma. Tangu darasa la kwanza, neno likianza kumgomea, mimi nilikuwa nalimaliza. Vibao vya barabarani, maandishi ya chupa, sala ya kanisani. Sikuwa nimewahi kumngoja afike mwisho. Safari hii nilingoja kwa sababu sikuwa na mdomo.

Alifika. Akasema neno la mwisho, "asali," akainua macho, na alikuwa amechoka kama aliyezalisha zizi zima.

"Ahsante," akasema Bi Kalomira kwa upole. "Sasa niambie, umesoma nini?"

Akaeleza. Siyo kilichoandikwa tu. Akaongeza kwa nini nyuki hufa, na dawa gani inawaua, na nani kijijini kwetu anaitumia. Yule wa masharubu akakata kipande cha pai bila kukaribishwa na kusikiliza mpaka mwisho.

Njiani kurudi, nikamwuliza. "Uliona kwamba ni nyuki?"

"Niliona. Juu palichorwa mzinga."

"Basi mnara wa nini, mwanangu? Nusura utuue!"

Alikuwa anatazama nje, ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni. "Nilikusikia mlangoni, mama. Ulikuwa unausoma mnara peke yako. Nikaona nisikuache."

Argiris akabadilisha gia bila sababu.

Cheti kilikuja kabla ya Krismasi. Mama mkwe, yule wa bakuli la mafuta, alikitundika kwenye kona ya picha takatifu, akawa anamsimamisha kila jirani: "Mjukuu wangu kapimwa na wataalamu watatu! Wa kwako kapimwa na nani?" Pandelis anasema mafanikio yale ni ya tuisheni yake. Juni Lemonia alijibu kwa mdomo, akaongea mpaka wasahihishaji wakaomba maji, na vuli akaondoka na sanduku moja kwenda chuoni. Vitabu vyake huvisikiliza kwa masikio, huku anapika.

Kwa hiyo nawaonya. Mkiambiwa mtoto akapimwe, mpelekeni. Msimpake rangi, msimnoe, msimpeleke kwa mwenye tai moja. Mpelekeni kama alivyo, na tope la viatu vyake. Na nyinyi wenyewe, mkiweza, nyamazeni.

Mimi bado najifunza. Pasaka hii alikuja nyumbani, na kondoo mmoja alikuwa ameshikwa na homa ya matiti. Alileta dawa mpya, ndani yake karatasi ya maelezo yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Tukasimama watatu zizini, chini ya taa. Argiris akapapasa mfuko wa shati, akasema amesahau miwani. Lemonia akaikunjua karatasi, akaweka kidole, akaanza. Neno la kwanza likamgomea.

Mkono wangu ulishanyooka. Nikaurudisha, nikauingiza kwenye mfuko wa aproni, mlimokuwa na kipande cha pai ya jana, kigumu kama kigae. Nikakitia mdomoni chote.

Nilitafuna taratibu sana.