Neno la Kumwita Bertille

Kiatu cha Direkta Félicien, mkuu wa shule, kilifuta nusu ya duara la Bertille, na mwenyewe hata hakutazama chini. Léontine alitazama. Aliona chokaa ikigeuka vumbi chini ya ile ngozi iliyong'arishwa, akaona midomo ya binti yake ikianza kutetemeka, akapiga magoti mbele ya walimu wawili na kulichora duara upya kwa kiganja, haraka, kabla kilio hakijatoka. Kikitoka, kingemaliza asubuhi nzima.

"Mama Bertille, simama. Tuko na mambo ya kusema."

"Nitasimama nikimaliza. Umekanyaga mahali pa mtoto."

"Mahali pa mutoto!" Direkta aliwageukia walimu wake. "Mumesikia? Uwanja wa shule umepata wenye nyumba."

Léontine aliinuka akijipangusa magoti. Kwa wiki nane alikuwa akija hapa saa kumi na mbili asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, na watoto watano ambao Albertville nzima iliwaita mabubu, wachawi au adhabu ya Mungu, ikitegemea nani anasema. Hakuna daktari aliyewapa jina lingine. Bertille, mwenye miaka saba, hakuwahi kumwita mtu mama. Pascal, mtoto wa Mama Hortense muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alihesabu mabehewa kuanzia kunapokucha na kupiga mikono hewani kama mtu anayefukuza nyuki. Wengine watatu walikuwa wa kambi ya reli, waliofichwa vyumba vya nyuma wageni wanapofika.

Yeye hakuficha. Alikuwa na diploma ya ualimu kutoka kwa masista, na huko alifundishwa jimnastiki: kila kitu kwa mpango, kila siku vilevile. Alimtuma mume wake, Lambert, amletee chokaa kutoka Kabimba, akamchorea kila mtoto duara lake. Kwanza kutembea juu ya kamba iliyolazwa chini. Kisha kuruka mara nne. Kisha kurushiana mpira wa matambara. Kisha kuvuta kamba wote pamoja. Mwisho, kila mmoja aliitwa kwa neno moja, "Njoo!", akatoka katika duara lake, akanyoosha viganja, akapigwa makofi mawili mepesi juu yavyo, akarudi. Mtaani watu wakimwita mtu walisema "kuya", lakini Léontine alisema "njoo", maana ndivyo vitabu vya masista vilivyoandika, na Léontine hakuwa mtu wa kusema ovyo. Hata mezani, Lambert akisema "ile njo sahani yangu", alimkata: "Siyo njo. Ni. Ile ni sahani yangu." Lambert aliivuta sahani yake, akala.

"Gwaride la uhuru liko tarehe thelathini Juni," Direkta alisema. "Wanafunzi watajizoeza hapa asubuhi. Na baada ya gwaride, pia sitaki. Wazazi wanalalamika. Wanasema ugonjwa huu unaambukiza."

"Na wewe mwenye elimu umewajibu nini?"

"Mama, usinitukane. Batoto hawa hawasikie muntu. Wanafuata mama zao kama bata wanavyofuata bata. Hiyo siyo kufundishwa." Alinyoosha kidole kimoja. "Nionyeshe mmoja tu anayesikia neno la muntu mwingine. Mmoja. Hapo nitakuachia saa yako, na hawa walimu ni mashahidi."

Mama Hortense, aliyeketi ukingoni na beseni lake, alifyonza. "Mwite Pascal basi. Jina lake si siri."

Direkta akaita: "Pascal!" Mtoto aliendelea kutazama upande wa stesheni. "Kumi na moja," alisema. "Kumi na mbili." Walimu walicheka. Léontine alijua hakuna wa pili wa kujaribu. Bertille alimjibu yeye tu, na si kila siku.

Direkta alikwisha kufunga shauri. Alimgeukia Mwalimu André, aliyekuwa akiandika majina ya watoto hao ili kuwaonyesha wazazi waliolalamika. "Wa kambi ya reli umeandika. Na huyu wa mwisho, njo nani?"

Bertille aliinua kichwa. Akatoka katika duara lake, akatembea hatua nne zilizonyooka, akasimama mbele ya tumbo la Direkta na kunyoosha viganja vyake viwili.

"Direkta, anakuomba mkate!" André alisema, na kicheko kikawapasuka.

Léontine hakusikia kicheko. Alisikia neno: njo. Alimshika binti yake mabega, akamrudisha mahali pake, na alipogeuka sauti yake ilikuwa kavu kama kuni.

"Rudia ulichosema."

"Nimesema nini?"

"Ulichomwambia mwalimu. Rudia."

"Nimesema, huyu njo nani?"

Bertille akaja. Viganja mbele.

Kicheko kilikatika. Léontine akamrudisha tena. "Nenda nyuma ya ukuta wa darasa. Asikuone. Sema tena."

"Mama, unanichezea."

"Wewe umesema mmoja. Mashahidi hawa hapa. Nenda."

Alikwenda, kwa kuwa walimu walimtazama. Kutoka nyuma ya ukuta ilitoka sauti ya mtu aliyeudhika: "Njo nani!" Bertille akauzunguka ukuta hadi akamkuta, na wote wakasikia, baada ya kitambo, makofi mawili mepesi. Direkta alirudi akiwa anajifuta paji la uso.

"Saa yako nimekuachia," alisema bila kumtazama Léontine. "Kengele ikilia, mumeondoka." Akaenda zake birooni, kwenye ofisi yake.

Mama Hortense alipiga vigelegele mpaka Pascal akaziba masikio. "Pole, baba, pole," alimtuliza mtoto. "Mama Bertille, umemshinda kwa mdomo wake mwenyewe! Kumbe sasa mji mzima unamwita mtoto bila kujua. Huyu njo fundi, ile njo chumvi, na Bertille huyo anakuja!"

Alicheka hadi beseni likatikisika. Léontine alianza kucheka naye, akaacha.

Njiani kupitia sokoni alimshika Bertille mkono, na mara mbili mkono ule ulivutika. Muuza unga: "Bei yangu njo hiyo." Mwanamke wa vitambaa: "Njo ule wa jana." Karibu na bandari Léontine alimwachia kidogo tu, atengeneze kitambaa cha kichwa. Mwanamume aliyesimama kwenye lori la saruji alimwambia mwenzake, "Ile njo gari yetu," na alipoangalia chini akamwona msichana amesimama mbele yake, amenyoosha mikono.

"E, umetoka wapi, wewe? Unataka kupanda?" Akacheka, akaishika mikono ile.

"Mwachie!" Léontine alipiga kelele hadi watu wakageuka.

"Mama, mutoto amekuja mwenyewe. Sikumwita."

Alimbeba binti yake, mtoto mzito wa miaka saba, hadi nyumbani, huku akijitukana kwa kila tusi alilokatazwa na masista. Wiki nane alikuwa amesuka kamba, akaifunga kwa mtoto wake, na ncha akaigawa kwa kila mdomo wa mji.

Asubuhi iliyofuata, walipomaliza kuvuta kamba, alipiga magoti nyuma ya Bertille na kumshika mabega.

"Mwite," alimwambia Mama Hortense.

"Njoo!"

Mwili wa mtoto ulikwenda mbele. Léontine aliuzuia, polepole, na kusema sikioni mwake: "Kaa." Kisha tena. Kisha tena.

"Jana umepigana ili aje," Mama Hortense alisema, "leo unataka asije. Kichwa chako hicho!"

"Mwite."

Mara ya ishirini aliondoa mikono yake mabegani. Akazunguka mbele, akasimama mahali ambapo siku zote alisimama. Direkta alikuwa ametoka mlangoni mwa biro, kalamu mkononi.

"Njoo," Léontine alisema mwenyewe.

Kisigino cha Bertille kiliinuka. Kikakaa hewani. Kikashuka. Mtoto alitazama mahali fulani karibu na sikio la mama yake, mikono yake ikining'inia.

"Hakuja," Direkta alisema.

"Hakuja," Léontine alijibu, na hakumwita tena.