Mchanga Uliochora Mabomba

Kipindi cha fizikia kilianza mara tu baada ya mapumziko, wanafunzi wakiwa bado wanajifuta jasho. Mwalimu alibana bati la mraba kwenye stendi, akalinyunyizia mchanga mkavu, akasugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Bati likalia. Mchanga ukarukaruka, ukajipanga umbo la nyota.

"Ruwaza," alisema mwalimu, "ni kile kinachojirudia mpaka unaweza kusema kitakachofuata. Haya, nani ataimba badala ya upinde?"

Aliinuka msichana waliyemwita Filimbi kwa wembamba wa sauti yake. Akaimba. Mchanga ukachora mtaa mzima.

"Ile barabara ya sokoni!"

"Na shule ile pale!"

Wakapanda juu ya viti. Mistari ilikuwa mabomba ya maji yaliyofukiwa ardhini, na punje za mchanga zilitembea ndani yake kufuata maji yanakokwenda.

"Msinipumulie mchanga," mwalimu alisema. "Nini kinajirudia?"

"Kila penye njia panda yanakunja kulia!" akajibu Filimbi, macho yakimng'aa.

Yalikunja kulia hadi kwenye nyumba moja yenye bwawa la kuogelea. Majumbani kwao, koki zilikuwa hazijatoa tone tangu muhula uanze.

Mwalimu akampigia simu mhandisi wa maji, naye akaja mchana uleule. Filimbi aliimba tena. Mhandisi akavaa miwani, akainama.

"Mchoro huu ni sahihi kuliko wa kwetu ofisini," alisema. "Hapa ni kwa baba mkwe wangu."

"Ndiyo, mzee," akasema Filimbi. "Maji yote yanaishia hapo."

"Si yote. Presha bado ndogo. Mwanangu, hebu shusha sauti kidogo."

Filimbi akaishusha. Mchanga ukaonyesha pa kupitisha bomba la pili hadi kwenye bwawa lilelile. Mhandisi akapiga picha, akawapongeza kwa bidii yao.

Wiki iliyofuata wachimbaji walifika. Darasa zima lilijipanga kando ya mtaro, mwalimu akiwa mbele.

"Sasa watakunja kulia!"

Wakakunja.

"Watakuta mwamba, watauzunguka!"

Wakauzunguka.

"Si nilisema!"

Wakakumbatiana, wakarukaruka. Mwalimu alirusha kofia yake juu. Hakuna aliyekosea hata mara moja. Mhandisi akawapungia mkono.

Jioni Filimbi alirudi nyumbani sauti imemkauka. Akafungua koki. Ikakoroma, ikanyamaza.

"Unacheka nini?" mama yake akauliza.

"Nilijua, mama! Nilijua itakoroma kwanza!"

Mama akampa ndoo.