Rando Jeusi la Malinya

Alhamisi saa tatu asubuhi, Cherop, mtafiti wa chuo kikuu, alimkabidhi Kageha kitambuzi cha zebaki: kipande kirefu cha plastiki laini, chembamba kama ganda la kitunguu, kimechorwa mistari ya wino unaopitisha umeme. Alimwambia akifunge kwenye jiwe ukingoni mwa kijito cha Malinya, pale anapoteka maji. Lakini Kageha hajawahi kuona kitu kama rando la viazi kikalala juu ya udongo wenye maji bila kukifukia. Alikizika ncha moja, kama anavyopanda viazi vitamu, akaenda zake.

Jumapili kilikuwa na majani saba, yote meusi tii.

"Hapa kwetu tunapandanga hivyo," Kageha alijitetea Cherop aliporudi.

"Hakuna neno, mama. Kinafanya kazi. Jani likiwa jeusi, maji yana zebaki." Akahesabu majani, akaandika.

Kageha alikaa kitako kwenye nyasi. Bintiye, Awinja, alikuwa na mimba ya miezi sita, na hayo ndiyo maji aliyokuwa akinywa. Rando lile la plastiki nalo lilianza kupanda mlima, likafuata kijito, na kufikia Jumatano lilikuwa limejizungusha kwenye bomba la kiwanda cha kusaga mawe ya dhahabu.

Wanzala, meneja wa kiwanda, aliitisha baraza kiwandani. Alisema maji ni safi, akajaza glasi maji ya kijito. Rando likatambaa mezani, likachipua jani moja ndani ya glasi. Jani likawa jeusi. Meneja akalisogeza kwa kidole, kwa adabu, akanywa yote. Watu walipiga makofi, maana wengi wao walikuwa na mtu aliyeajiriwa pale.

Kageha hakupiga. Alisimama.

"Umekunywa glasi moja, meneja. Awinja anakunywanga kila siku. Hamia kwangu, unywe naye mpaka ajifungue."

Meneja alifunga mkutano kwa maombi.

Tangu siku hiyo Kageha humtekea Awinja maji kwenye kisima cha kanisa, mwendo wa saa nzima, mtungi kichwani. Bomba bado linamwaga zebaki kijitoni. Kila asubuhi yeye na wanawake wenzake hupanda marando yaliyokatwa kwenye lile jeusi langoni mwa kiwanda, na kila jioni mlinzi huyang'oa.

"Mama, kwani wewe huchoki?" mlinzi alimuuliza jana.

"Wewe ng'oa tu," Kageha alimjibu, jembe mkononi. "Ya kesho nimeshayakata."