Buti la Zawadi Halikunjwi

Uliona. Usije ukasema ulikuwa unatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo, au mtoto alikuwa analia. Jumapili ile ya Novemba, mwaka huu wa 2011, katika ukumbi wa sala wa Ganshoren, ulikaa mstari wa tatu ukapiga makofi Ghislain alipopanga jozi sita za buti mpya mbele ya madhabahu. Na Jumapili mbili baadaye, Tshibangu aliposimama palepale kwa magongo, ukainamisha kichwa ukatazama sakafu. Basi kaa, ulisikie lile ulilolikimbia.

Tshibangu ni mtu wa Kolwezi, na Kolwezi buti si pambo. Miaka kumi na minne ya mgodini ilimfundisha kwamba kila kazi ina kiatu chake. Anayepanga makatoni ghalani, chuma cha kukinga vidole kinamtosha. Wa jikoni anataka soli inayong'ang'ania sakafu yenye mafuta. Lakini anayebomoa nyumba, anayekanyaga mbao zilizojaa misumari, asithubutu kuingia bila bamba la chuma ndani ya soli. Kule mgodini buti jipya hulivai kabla hujalikunja kwenye goti. Likikunjika kama mkeka, mrudishie mwenye stoo.

Hapa Brussels watu walimfuata nyumbani kwake Etterbeek na viatu vyao ndani ya mifuko ya plastiki. Alivikunja kimoja kimoja, akavuta ulimi wa kiatu, akawasomea alama iliyoshonwa ndani. S1, hicho cha depo. S3, hicho cha kubomolea. Hakuna aliyemwona akikosea.

Sasa mtu wa namna hiyo alivaaje buti baya?

Ghislain alikuwa kapita, msimamizi wa timu yao. Ndiye aliyempokea Tshibangu uwanja wa ndege mwaka 2004, akamlaza sebuleni kwake miezi mitatu, akamsimamia binti yake Shekinah kwenye ubatizo. Timu nzima aliitoa ukumbini kwetu: Tshibangu, shemeji yake Mathieu, na wengine wanne. Kiangazi chote walipanga makatoni. Novemba kampuni ikawahamishia Auderghem, kubomoa nyumba kuukuu karibu na msitu. Kazi imebadilika, kiatu nacho kibadilike, na wa kukitoa ni mwajiri. Ndivyo sheria inavyosema. Ila Ghislain hakuzileta buti kazini. Alizileta kanisani.

Mchungaji akaziombea. Wakaitwa kwa majina. Tshibangu akapokea kwa mikono miwili, akakunja magoti kidogo kama mama yake alivyomfundisha, na vidole vyake tayari vilikuwa vinaitafuta soli. Akavizuia. Kwetu zawadi haikaguliwi mbele ya aliyeitoa. Kuikunja gotini pale ni kumwita mwizi mbele ya watu wake. Hata nyumbani hakuzikunja. Alijionea haya mwenyewe. Utampimaje mtu aliyekulaza kwake?

Siku ya nne kule Auderghem alikuwa akishuka ngazi na mlango begani. Akakanyaga ubao. Msumari ukapenya soli kama unaingia kwenye muhogo uliochemka, ukatokeza juu ya mguu. Akaanguka, shavu sakafuni. Ghislain akaja mbio, akachuchumaa kando yake akimwita kwa jina la mtoto wake, papa Shekinah, papa Shekinah. Suruali yake ilipanda, na ulimi wa buti lake ukawa mbele ya macho ya Tshibangu. S3. Tshibangu akanyoosha mkono hadi kwenye buti lake mwenyewe lililojaa damu, akavuta ulimi. S1. Waliokuwepo wanasema alianza kulia hapo, si kabla.

Jumatano iliyofuata Ghislain alifika Etterbeek na machungwa, na karatasi.

"Bon, papa Shekinah, weka signature hapa. Ni formalité tu."

Tshibangu alisoma taratibu. Iliandikwa kwamba siku ya ajali mfanyakazi alivaa viatu vyake binafsi, alivyojichagulia mwenyewe.

"Hii inasema bilato ilikuwa yangu."

"Donc ilikuwa ya nani? Ulipewa zawadi. Bantu bote ba kanisa baliona."

"Na yako, yaya, kaka yangu? Ulipewa na kanisa gani?"

Ghislain alitazama dirisha. Aliyachukua machungwa, akayapanga upya mezani. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba aliomba za wote, patron, mwenye kampuni, akakataa. Angebisha, kazi ingepewa timu nyingine. "Miguu yenu ao kazi yenu. Weye ungechagua nini?"

"Ungetuuliza," Tshibangu akasema.

Hakutia sahihi. Alijua akitia, buti zile zitakuwa za waliozivaa milele, na hakuna atakayelazimika kuzibadilisha. Na Mathieu, ndugu wa mke wake, alikuwa akizishuka ngazi zilezile kila asubuhi.

Ndiyo maana Jumapili alisimama. Alilitoa buti lenye tundu, akalikunja kwenye goti mbele yenu, pua ya buti ikakaribia kisigino. Aliwaomba watu watano tu, wenzake wa timu, jambo moja: kesho wasiingie ndani mpaka wapewe buti za kubomolea, na wagome wote pamoja, kwa sababu mmoja hufukuzwa lakini sita husikilizwa. Maman Émérance wa kwaya akamwambia zawadi haitemewi mate, akae. Nyuma mtu akacheka kwamba papa Tshibangu sasa ni profesa wa bilato. Kwaya ikaanza wimbo juu ya sauti yake, nawe ukaimba.

Mathieu peke yake alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi, akavua buti lake la zawadi, akalikunja, akalitazama likikunjika. Akayaacha yote mawili pale, akaenda kupanda tramu na soksi, mvua inanyesha.

Jumatatu Ghislain alikuwa ameshampata mwingine. Alitoka mstari wa nne, nyuma yako tu. Nambari ya mguu ilikuwa ileile, kwa hiyo hakuhitaji kupewa buti mpya. Alipewa za Mathieu.

Jozi tano ziko Auderghem mpaka leo, zinashuka ngazi. Na mlangoni kwako kuna buti: lako, la mumeo, la kaka yako. Inuka. Vuta ulimi, usome. Likunje kwenye goti, hata kama lilitolewa na mtu aliyekulisha. Likikunjika, wapigie wenzako wote leo, na kesho asubuhi mlirudishe pamoja kwa mwajiri, si kwa mchungaji. Inuka sasa, chai utaikuta.